Katekista na Bitunga ya Mavuno

Katekista wetu alikuwaka na tabia ya kukohoa mbele ya kila kitu. Alikohoa ku mulango, alikohoa mbele ya kukula, alikohoa mbele ya kuomba, sawa vile Mungu ako nyuma ya nyumba anapasua kuni na anapashwa kusikia kama mugeni amefika. Mimi nilikuwa jirani yake kule Mususa, kartier ya Butembo, miaka mingi. Lupango yake na yangu, katikati ilikuwa fensi ya maua tu. Ile kikohozi naijua kuliko Baba Yetu. Ata leo nikiitoa mu soko ya Butembo, hm! hm-hm! hmmmm!, batu ba umri yangu banageuka mbio, banafunga vifungo ya shati.

Jina yake sitaisema, juu hakuna mutu alimuitaka jina. Kwa batu bote alikuwa Katekista. Batoto yake balimuita Katekista. Bibi yake alimuita Katekista. Pengine ata mu kitanda aliitwa Katekista, mais kule mimi sikufika.

Na ule mutu alikuwa na woga moja tu mu maisha. Haikukuwa woga ya kufa. Haikukuwa woga ya vita, na vita tulikuwa nayo ya kugawia batu, miaka ile ya rébellion. Haikukuwa ata woga ya Abbé, padri wa paroisse, pourtant Abbé alikuwa mukali. Katekista aliogopa kitu moja: mwaka yenye sikukuu ya mavuno itakosa.

Nyinyi batoto ba leo mujue kwanza ile sikukuu ilikuwa nini. Kisha maharagi kutoka na mahindi kukauka, dimanche moja, ile siku ya misa, paroisse nzima inatoka inje. Kila shirika, ndiyo zile familia za jirani zenye zinaombaka pamoja, inaleta mavuno yake mu bitunga, inacheza nayo mpaka ku altare yenye imewekwa chini ya shitingi, ile hema ya plastiki. Misa ikiisha, ni michezo. Baba, mama, batoto, mukaka muzee na fimbo yake, bote banashinda pale. Batoto banakimbia ndani ya magunia. Bamama banavuta kamba na babwana, na bamama banashinda, juu babwana balisha kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, tangu asubui. Kuko mama wa beignets, ndiyo mandazi. Kuko mupiga picha na kitambaa yake yenye imechorwa ndege. Ukisimama pale unaonekana sawa unaenda Ulaya na puwaro, ile mboga ya majani murefu, ku kichwa. Batu balitoka ata Luofu juu ya camion. Balitoka Lubero na makoti, banasema Butembo iko joto. Balitoka upande wa Beni na ndizi, banasema Butembo iko baridi. Tulibacheka bote sawasawa.

Batu bakimuuliza Katekista juu ya nini anajichokesha vile na siku moja, alikohoa, kisha akatoa ile sauti ya mu pua, ile ya kuvuta: "Bapeeendwa. Mutu analima juu ya tumbo, ndiyo. Mais kuamuka na baridi, kushika jembe, ile anaifanya juu ya siku moja yenye atacheza mbele ya benzake na kitunga ku kichwa. Mukiitosha ile siku, mutaona. Jembe italala, na mutu atalala."

Mutu akimuambia kuko vita, alijibu: "Ata vita iko na dimanche."

Sasa musikie ya kuchekesha. Ule mutu wa mavuno hakujuaka kulima. Mikono yake ilikuwa laini sawa ya mutoto wa juzi. Shamba ilikuwa ya Mama Katekista, bibi yake, mama mufupi mwenye nguvu, mwenye hakusemaka mingi, mais akisema unatafuta kiti ukae. Mwaka moja Katekista alisikia haya. Akasema maharagi ya nyuma ya nyumba atapanda yeye mwenyewe. Alivuta kamba ili mistari inyooke sawa benchi za kanisa. Aliimwangia maji ya baraka. Maharagi ikaota, muzuri sana, sisi bote tukafunga kinywa. Kisha akaingia kupalia. Alipalia tangu asubui anaimba Kilatini. Saa sita Mama Katekista akafika, akaangalia, akaweka kitunga chini. Katekista alikuwa amengoa maharagi yote. Majani mubaya ndiyo ilibaki imesimama, mistari mistari.

"Katekista," bibi yake akasema pole pole, "umenyoa mutoto, umeacha chawa."

"Hm! Hm-hm! Mama, mimi kazi yangu ni kulima roho ya batu."

"Muzuri. Leo tutapika roho ya batu. Unaipenda na chumvi ao bila chumvi?"

Mimi nilikuwa nyuma ya fensi, nimeuma kikwembe na meno ili nisikatike mbavu.

Alivaaka koti ya mupadri moja muzungu mwenye alirudi kwao zamani, muzungu murefu sawa eucalyptus. Katekista, yeye, alikuwa mufupi. Donc ile koti ilikuwa inafika kwanza, yeye anafika nyuma. Mikono aliikunja mara mingi, na mu ile mikunjo aliweka bitu yake: filimbi, chaki, bonbons, ndiyo pipi, za batoto ba katekisimu, kipande ya mushumaa. Akisimama kuhubiri juu ya moto ya milele, anainua mukono, bonbon inaanguka. Batoto balipenda sana mahubiri ya moto ya milele.

Mais usifikiri alikuwa mukarimu kila siku. Ku nyumba yake ule mutu alikuwa choyo mpaka panya ilihamia kwangu. Alikuwa amepatana na bibi yake: wageni bakikaa, Katekista akikohoa mbili fupi, nyama ibaki mu jiko. Akikohoa moja ndefu, chakula iletwe. Ile mbili fupi niliisikia kila wakati. Ile ndefu, ni sawa Noeli. Siku moja balifika bashemeki yake, ndugu za bibi yake, batu bakubwa ba tumbo, banatoka mbali, banakaa mu salon banaangalia mulango ya jiko sawa banangoja train. Katekista akafanya mbili fupi. Mimi, ku upande wangu wa fensi, nilikuwa nachambua maharagi. Sijue ni Shetani gani alinishika koo. Nikatoa moja ndefu, sawasawa yake, na ile kamulio ya mwisho: hmmmmm-ih! Mama Katekista akatoka na kuku nzima. Na muchuzi. Na mayai yenye ilikuwa imefichwa juu ya Pasaka.

Kesho yake Katekista alisimama ku fensi, koti imefungwa mpaka ku shingo. "Mama Jirani, ile koo ya jana ilikuwa yangu."

"Katekista, koo ni ya Mungu, sisi tunaikopa tu."

Alinikatalia wabukire, ile salamu yetu ya asubui, karibu juma mbili. Kisha sikukuu ya mavuno ikakaribia, akakuja mwenyewe kuniomba nifunze bamama ba shirika yetu kucheza, juu bengine balikuwa banacheza sawa banakanyaga mende. Ile ndiyo tabia yake. Choyo, kasirani, kiburi, yote ilikuwa inapanguka wakati mavuno inakaribia. Ule mwenye alificha kuku ku bashemeki, siku ya sikukuu ungemuona anapita na sinia ya beignets, anajaza batoto mikono. Beignets ilikuwa ya kazi ya bibi yake, bien sûr. Mais bibi yake mwenyewe alisema: "Mumuache. Leo ndiyo siku yenye niliolewaka na yeye."

Kuko kitu nyingine mupashwe kujua, juu bila ile hamutaelewa mwaka ya balaa. Mashirika yetu yalikuwa na mashindano mubaya sana. Mashindano ya ku kanisa, muijue, ni mubaya kuliko ya mupira. Kila shirika ilifunika kitunga yake na kitambaa, na hakuna mutu wa inje alipashwa kujua nini iko ndani mpaka mbele ya altare. Tulitumana batu ya kuchungulia. Tulidanganyana. Mutu akikuuliza ku kisima, "Nyinyi mutaleta nini?", unajibu, "Ah, sisi tuko maskini, pengine kitunguu moja," pourtant ku nyumba muko na mutumba ya ndizi yenye inabebwa na babwana bane. Siku ikifika, mashirika inapangwa mustari mbele ya altare, bitunga chini, na Katekista anapita moja moja. Anakohoa. Batoto banaacha kupumua. Kisha anapiga kelele: "Funuleniiii!" Kitambaa inaruka, na yeye anatangaza, na anaongeza chumvi: shu moja, ndiyo kabichi, inakuwa shamba ya shu, kuku moja inakuwa "ukoo mzima ya bakuku." Batu balikuwa banacheka mpaka Abbé anaangalia saa.

Basoda, ndiyo baaskari, balianza kuja ku sikukuu wakati ya rébellion. Balikuja na Commandant wao, mutu munene mwenye miwani nyeusi, tunamupatia kiti ya mbele, anakaa. Mwaka ya kwanza ilipita na kicheko. Tulikuwa na muchezo ya muti: eucalyptus moja imechunwa ganda, imepakwa mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, na juu kabisa jogoo imefungwa. Mwenye kufika juu, jogoo ni yake. Soda moja kijana akasema Lingala, "Nga nakomata!", anapanda, donc. Akatosha bottes ku miguu. Akashika muti. Akapanda mpaka nusu, pale tumbo yake ikaanza kurudi chini pole pole, sawa mulango yenye inajifunga yenyewe, kisha mbio, tuuu!, akakaa chini na matako mu mafuta.

Hakuna mutu alicheka. Mulisha kuona batu elfu na elfu bameshika kicheko mu mashavu? Ata beignet ya kinywani mwangu sikuitafuna. Tulikuwa tunaangalia ile miwani nyeusi. Jogoo tu ndiyo ilisema kitu kule juu.

Katekista akapiga filimbi. Akakohoa. Akatangaza, na ile sauti ya kufunua bitunga: "Bapendwa, jeshi imerudi ku base bila kupoteza mutu!"

Nikasema basi, tumekufa. Mais tumbo ya Commandant ikaanza kutikisika. Ikatikisika, ikatikisika, kisha akatosha miwani apanguse macho. Hapo tukalipuka bote. Ata ule soda mwenyewe alicheka, mikono mu mafuta, na batoto balimuzunguka bakitaka na bo kupanda.

Commandant alicheka, ndiyo. Mais mu kucheka aliona pia mbuzi yetu, na magunia ya maharagi, na mutumba ya ndizi. Mwaka yenye ilifuata, misa imeisha tu, basoda yake bakapita mu mustari na camionnette. "Pour la sécurité," balisema, eti juu ya usalama. Balibeba yote. Ata maboga ya mutoto moja mwenye alikuwa ameikalia, balimuinua, bakaiweka mu gari, bakamurudisha chini. Katekista alibaki amesimama na filimbi mu kinywa, haipigi. Kisha akageukia batoto akasema, "Magunia ya kukimbilia iko hapa. Hiyo hawakubeba." Na batoto bakakimbia. Mais bakubwa, nawaambia, mioyo ilikuwa imevunjika. Batu bengi balisema mu njia ya kurudi: tunalima juu ya nani?

Hapo ndipo ile woga yake ilianza kumukula kweli.

Na mwaka yenye ilifuata tena, ikakuwa mubaya kuliko. Shamba zetu nyingi ziko upande wa Beni. Barabara ya kule ikafungwa. Mutu akienda shambani, harudi, ao anarudi na bidonda ya mapanga ya kusimulia. Maharagi ilikauka kule, ikapasuka yenyewe, ikaota tena, hakuna mutu. Batu ba kule balikimbia, bakakuja Butembo na batoto ku mugongo, balilazwa mu madarasa ya masomo pembeni ya paroisse. Tuligawana na bo kile kidogo, na kidogo ikakuwa kidogo zaidi.

Abbé akamuita Katekista. Mimi nilikuwa nafagia kanisa, nilisikia yote. Abbé alisema na midomo yake ya séminaire, ile ya kuchagua maneno sawa anachambua muchele: "Katekista, cette année, non. Batu hawana kitu. Sikukuu ya mavuno bila mavuno, ni kubapatisha haya. Na bakileta kitu, basoda batakamata. Alors, non."

"Abbé, uniachie ya mwisho. Kama dimanche ile hakuna kitunga, mimi mwenyewe nitatangaza imeisha. Ya mwaka hii, na ya miaka yote."

Abbé akamuangalia murefu. "Ya miaka yote?"

"Yote. Nitarudisha filimbi."

Akaanza kuzunguka mu Mususa, nyumba ku nyumba. Kwangu alifika magaribi kidogo mbele ya jua kuzama. Alikaa ku kiti, na hakukohoa. Ile ndiyo iliniogopesha. Mutu yule nilimuzoea na moteri yake, sasa moteri imezimika.

"Mama Jirani, leteni kile munapata. Ata kidogo. Mufunike tu sawa siku zote."

"Katekista, nifunike nini? Mimi na kitunga tunaangaliana tu."

"Juu tukiacha mwaka hii, mwaka kesho hakuna mutu atauliza. Nabaona batoto kule mu madarasa. Banasimama mustari na sahani, banapewa unga, banarudi kukaa. Na sisi tuko nyuma yao mu ule mustari, kidogo tu. Wakati mutu anasahau kama yeye ni mulimaji, nani atamurudisha ku shamba siku barabara itafunguka? Mimi?" Akaangalia mikono yake laini. "Mimi sijue ata kupalia."

Ningetaka kumucheka. Nafasi ilikuwa kubwa, imefunguka sawa mulango ya kanisa. Kicheko ikakataa kutoka. Nikasema, "Katekista, tutaleta."

Basi tulileta. Muzungumuzo ya siri mu shirika yetu ilikuwa hivi: tulete nini chenye kiko karibu, chenye hakiombi kwenda shamba? Nyuma ya kila nyumba kuko mihogo michache. Tukakata sombe, majani laini ya juu, tukaifunga mafungu mazuri, tukajaza kitunga, tukafunika na kitambaa yetu ya muzuri yenye maua mekundu. Tukaapa kimya. Tukasema, bengine bako na maharagi ya kuficha, tunabajua, tutapata haya, mais angalau tutakuwa pale.

Dimanche ikafika. Mashirika yote yalikuja. Yote! Bitunga imejaa, inainuka juu, vitambaa imenyooshwa na pasi. Na kila shirika inaangalia kitunga ya jirani kwa jicho ya pembeni: bako na nini bale? Familia za mu madarasa balikaa mbele, batoto yao macho imetoka. Abbé aliangalia ile bitunga, akaangalia Katekista, nyusi ikapanda. Katekista akatembea ku kitunga ya kwanza. Akakohoa. Moteri imewaka! Nikasema ndani ya roho, wasingya, asante, Mungu.

"Funuleniiii!"

Kitambaa ikaruka. "Sombe!" akatangaza. "Shamba nzima ya sombe!"

Batu bakapiga makofi. Kitunga ya pili. "Funuleniiii!" Kitambaa ikaruka. "Sombe... tena! Ndugu ya ile ya kwanza!" Batu bakacheka kidogo. Ya tatu: sombe. "Sombe ya babu yao!" Ya ine ilikuwa yetu, na pale tulipoifunua nilisikia mama moja nyuma yangu anasema, "Yesu, na nyinyi?" Ya tano: sombe. Kumbe bote tulificha kitu moja! Kila shirika iliogopa jirani, kila shirika ilikata majani yake na kujificha, hakuna ata moja iliuliza ingine. Ya sita Katekista hakusema tena "funuleni", alishika kitambaa mwenyewe na vidole mbili, akachungulia, akaifunika tena, akasema pole pole: "Bapendwa. Musikasirike."

Ah! Hapo ndipo iliharibika kabisa. Bamama balianguka chini. Mukaka moja alishika nguzo ya shitingi, shitingi nzima inatikisika. Abbé alikuwa anashika altare na mikono mbili, uso mwekundu sawa pilipili, anajaribu kusema "Tuombe", inatoka "Tu—, tu—". Katekista mwenyewe nilimuona anatafuta kikohozi yake, anaikosa, na kicheko ikamutoka ku pua. Batoto ba mu madarasa, benye hawakucheka tangu barabara ya Beni, balikuwa banapiga kelele, "Funua tena! Funua tena!" Na sisi tulifunua tena, mpaka kitunga ya mwisho. Mujue ilikuwa nini? Musinichokeshe, munajua.

Pale ndipo camionnette ikafika. Kicheko ikakatika sawa kamba. Basoda bakaruka chini na magunia yao tupu, mukubwa wao akafunua kitambaa ya kwanza na mudomo ya bunduki. Mu Lingala sombe banaiita pondu.

"Pondu," akasema.

Akafunua ingine. "Oyo mpe pondu." Eti na hii pia.

Akafunua ingine. "Pondu!" Ingine. "Pondu! Pondu! Mapondu!" Akageuka, jasho ku paji: "Bino bozali bantaba?" Eti nyinyi muko mbuzi?

Katekista akasonga na koti yake, akainamisha kichwa. "Mukubwa, mubebe yote. Hatukatali. Mais mutapashwa kuitwanga. Vinu iko pale. Kila kitunga, masaa moja, masaa mbili."

Yule soda akaangalia vinu. Akaangalia bitunga. Akaangalia mikono yake. Akapanda gari, na benzake bakamufuata, na tulingoja tu gari igeuke kona, kisha tukalipuka tena na kicheko.

Sikukuu ya mwaka ile ilikuwa ya kutwanga. Kila kinu ya Mususa ilikuja inabingirika mu barabara. Katekista akapiga filimbi, akatangaza muchezo mupya: babwana batwange, bamama bahukumu. Musicheke sasa, mungecheka kule. Bwana moja mufanya biashara alitwanga kidole yake mara mbili. Katekista aliinua muti ya kinu kwa nguvu yote, akaleta chini, akakosa kinu kabisa, akapiga udongo, koti ikamufunika kichwa. Mama Katekista alikuwa amekaa na bibi ba mu madarasa, na ni mara ya kwanza nilimuona anacheka mpaka anashika mukono wa jirani. Batu balileta unga, ikapikwa bundu, ugali yetu, na bale ba upande wa Beni bakakaa pamoja na sisi chini, si mu mustari, kila familia na batoto yake, na bo balikuwa bametwanga yao. Bwana moja wao aliuliza jirani yake, kinywa imejaa, kama udongo ya nyuma ya paroisse inakubali maharagi. Katekista alisikia. Alisimama, akaenda kuonyesha ule bwana udongo, na alikuwa hajui kitu juu ya udongo, anamuonyesha tu na mukono.

Sikukuu haikukosa tena. Ilipita mu vita ile kubwa mpaka ikaisha, kwa vile vita ya huku inaishaka, inaisha na inakaa ku mulango. Mama Katekista alikufa, Mungu amupokee na amutafutie kiti. Katekista akakuwa muzee, miguu ikakataa, binti yake akamubeba Lubero kuishi naye kule ku baridi. Mwaka ya kwanza bila yeye, sikukuu ilipita, na mimi nikapanda camion nimuletee habari. Nilijua ndiyo dawa yenye atataka.

Nilimukuta inje ya nyumba, juu ya kiti, mashamba ya biazi mbele yake mpaka ku mawingu, amevaa pull juu ya pull, zile sweta, sawa kitunguu.

"Mulifanya?" Ata wabukire hakungoja.

"Tulifanya, Katekista."

"Ya kweli? Misa inje?"

"Ya kweli. Batu kuliko mwaka jana."

"Nani aliita mashirika?"

"Binti moja, mwalimu wa primaire. Sauti yake ilifika ku soko."

"Alikosea?"

"Ata kidogo."

"Batoto balicheka?"

"Balicheka mpaka bengine bakalala palepale."

Nilikuwa nangoja furaha. Ule mutu aliogopa miaka yote kama sikukuu itakosa, na mimi nimemuletea mpaka ku Lubero habari kama haikukosa na haitakosa. Lakini uso yake ilikuwa inashuka, inashuka. "Basi ni muzuri," akasema, sawa mutu mwenye ameambiwa ngombe imekufa. "Donc mulifanya muzuri. Bila mimi." Akaangalia biazi. Kisha, pole, sawa mutu anaomba maji: "Na jua? Ilikuwa jua?"

Ilikuwa jua, batoto bangu. Jua safi, sawa imefuliwa. Nilifungua kinywa niseme, nikaona macho yake.

"Jua gani, Katekista? Ilinyesha!"

Akanyoosha mugongo. "Ilinyesha?"

"Uh! Mvua ya kuvunja mutu shingo! Shitingi iliondoka na upepo, iliruka sawa ndege ya mupiga picha. Abbé aliingia chini ya altare."

"Chini!"

"Chini, na kitabu juu ya kichwa. Anasema, 'Mon Dieu, mon Dieu, Katekista ako wapi?' Mashirika ikachanganyikana, batu ba huku banabeba bitunga ya kule. Binti ule mwalimu analia, maskini: 'Mimi sikuambiwa! Mimi sikuambiwa!'"

"Nilijua," akasema. "Nilijua! Ile haisomwake mu kitabu. Mvua ya mavuno inaombwa mbele, juma nzima mbele, hapana siku yenyewe!" Alikuwa amesimama, banasema miguu ilikataa. Akaita binti yake alete biazi ya moto, akakula yake na akakula yangu. "Mama Jirani, umuambie ule mwalimu aje. Aje hapa nimufunze. Asiogope, sitamukaripia sana."

Nikarudi Butembo, ule mwalimu nikamueleza yote, na uongo yangu yote, kisha nikamufundisha vile atasema. Ni mutoto muzuri, ule. Alipanda camion, akaenda Lubero, akakaa mbele ya muzee siku mbili kichwa chini, akaomba musamaha ya mvua yenye haikunyesha.

Katekista alimusamehe.